Reli Kwanza, Kichwa Baadaye

Boksi la treni ya kuchezea linalouzwa madukani Arusha huahidi mengi kuliko kilichomo. Juu pana picha ya mlima, daraja, handaki na treni ndefu inayofuka moshi. Ndani mna kichwa kimoja cha plastiki, mabehewa mawili au matatu, na vipande vya reli vinavyotosha duara moja dogo. Mzazi huuliza bei, hupunguziwa kidogo, hulipa. Swali linaloamua kama fedha imekwenda vizuri huwa halifiki kaunta: kipande kimoja cha reli kikivunjika kesho, au mtoto akitaka kuongeza vingine mwakani, vitapatikana wapi?

Nimelichukua swali hilo kuwa kipimo, na naona linapindua mengi yanayosemwa kuhusu unafuu. Boksi la bei ya chini kabisa linageuka kuwa ghali, seti ya kifahari kutoka Ulaya inageuka kuwa mzigo, na seremala wa Unga Limited au Ngaramtoni, ambaye hana habari kwamba yumo kwenye biashara ya treni, anaingia kwenye mashindano na pengine kuyashinda.

Tusianze kwa kudhani kwamba mtoto wa Arusha anatamani kitu cha ugenini. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na Waingereza wakaivuta hadi Arusha mwaka 1929. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilichokamilika 1963 ndicho kilichoiunganisha na Reli ya Kati, hivyo na Dar es Salaam. Halafu treni ya abiria ikatoweka Arusha kwa takriban miaka 30, na kizazi kizima cha wazazi wa leo kikakua kikilijua tuta la reli kama njia ya mkato. Treni iliporudi Oktoba 2020, waliokwenda kuishangaa stesheni hawakuwa watoto peke yao. Tangu hapo zimekuja picha za SGR, ile reli ya kisasa: Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, hadi Dodoma Julai mwaka huohuo, kisha ile treni yenye pua kali ambayo watu waliibatiza Mchongoko kabla Shirika la Reli halijamaliza kuitangaza. Mtoto wa Sakina ambaye hajawahi kuipanda atakuchorea vizuri tu. Duka la midoli, hata hivyo, halina Mchongoko. Lina treni ya makaa ya Marekani yenye chuma cha kusukumia ng'ombe mbele, au nakala ya Thomas, treni ya katuni. Hilo si kosa kubwa. Rangi hupakwa, na mtoto wa miaka minne haombi cheti cha kuzaliwa cha kichwa cha treni.

Treni nyingi za plastiki zilizopo mjini hutengenezwa China, huuzwa kwa jumla Kariakoo, kisha hupandishwa basi kuja Arusha. Ukikaribia Krismasi na Idi utazikuta hata mikononi mwa wamachinga wa Barabara ya Sokoine. Bei yake ni ya noti chache za elfu kumi, na kwa bei hiyo hakuna atakayemlaumu mzazi. Ubovu wake mkubwa hauko kwenye kichwa cha treni, ingawa gia zake za plastiki hufa mapema. Uko kwenye reli. Kila kiwanda kina upana wake na aina yake ya kiungio, na kiwanda hichohicho kinaweza kubadilisha umbo mwakani. Reli ya boksi hili haishikani na ya boksi lile. Ulimi mwembamba wa kuunganishia ukikatika kwenye kona moja, duara halifungiki tena, na treni inayoweza kutembea inabaki haina pa kutembelea. Hapo ndipo seti nzima hutupwa juu ya kabati, ikiwa na mota nzima na mabehewa mazima.

Anayeamua kununua ya namna hii ana ujanja mmoja wa maana: anunue maboksi mawili yanayofanana kabisa, kwa siku moja, kwenye duka moja. Kwa gharama mara mbili atapata reli mara mbili, njia ndefu badala ya kiduara, na akiba ya vipuri kwa siku kichwa cha kwanza kitakapogoma. Ndugu wawili wakipewa boksi mojamoja la aina tofauti watapata magomvi. Wakipewa ya aina moja watapata reli ya pamoja. Kabla ya kulipa, boksi lifunguliwe na duara lifungwe palepale. Mfuniko wa betri uwe wa skrubu. Betri za rimoti hazina tatizo kubwa, lakini betri bapa za kifungo, zinazotumika kwenye taa na sauti, zikimezwa zinaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, kila kinachoingia mdomoni kizima kibaki dukani.

Wapo wanaosema: basi niagize kitu bora kutoka nje, nimalize. Tuchukue mfano. Seti nzuri ya kuanzia ya umeme huko Ulaya au Marekani inauzwa dola 100 na zaidi. Tuseme 100, na usafirishaji na bima 40. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa ni asilimia 25, kwa hiyo ongeza 35. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo inakaribia 32. Tumefika dola 207, na bado kuna tozo ndogondogo. Mojawapo ni Tozo ya Maendeleo ya Reli, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo unaotoka nje ya Afrika Mashariki. Mzazi anayeagiza treni ya kuchezea, basi, anaichangia ile ya kweli, jambo ambalo nalipenda hata kama mfuko haulipendi. Ila boksi la dola 100 limekuwa la 200, na ikivunjika kona moja safari inaanza upya.

Hata hivyo treni hizi za umeme zinastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu zinapatikana Arusha kwa mlango mwingine, na kwa sababu hesabu zake zina uzuri wake. Zimepangwa kwa uwiano. Iliyoenea zaidi duniani ni HO, ya 1 kwa 87, inayotembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. SGR ina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 87 unapata hiyo 16.5. Kwa maneno mengine, reli ya HO ni SGR ndogo. Reli yetu ya Arusha ni ya mita moja, na miongoni mwa uwiano uliobuniwa kwa reli za mita moja upo ule ulioletwa mwaka 1968 na kampuni ya Lehmann ya Nuremberg kwa jina la LGB: milimita 45, uwiano wa 1 kwa 22.5. Zidisha, unapata mita moja na milimita kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo treni ya kuchezea inayolingana hasa na reli inayopita chini ya Mlima Meru ni ile kubwa, imara, ya kuweka hata bustanini, na ni ghali. Reli ya TAZARA nayo, ya Tanzania na Zambia, yenye milimita 1,067, huingia vizuri kwenye reli hizohizo za milimita 16.5 ukitumia uwiano wa 1 kwa 64, ambao ndio uwiano unaokaribiana na vile vigari vidogo vya chuma vinavyouzwa kila kona. Mzazi mwenye mikono na muda ana TAZARA pale.

Kwa mtoto wa kuanzia, kati ya hizo, nafasi ipo kwa HO, au ndugu yake wa Uingereza, OO, anayetumia reli za upana uleule. Ile ndogo ya N, yenye reli za milimita 9, ni ya mtu mzima mwenye miwani. Na HO yenyewe isubiri mtoto afikishe miaka minane au zaidi, kwa sababu kuweka magurudumu juu ya reli ni kazi ya vidole vyenye subira.

Ule mlango mwingine ni watu wanaohama. Arusha si mji wa kawaida kwa jambo hili. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa tangu miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ikaacha taasisi iliyorithi kazi zake kule Lakilaki. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo, Mahakama ya Afrika ipo, mashirika, misheni na kampuni za utalii zipo. Familia za wanaofanya kazi humo huja na watoto, hukaa miaka michache, na zikiondoka huuza vilivyomo ndani kuanzia friji hadi baiskeli. Treni ya mtoto aliyekwisha kuwa kijana huwa mwishoni mwa orodha, na wengi wanashukuru tu kuiona ikichukuliwa. Mabelo ya mitumba ya midoli nayo hutoa kichwa hapa, behewa pale, mara chache reli. Kuchambua rundo hilo kunahitaji macho yanayojua yanachotafuta.

Yajue basi mambo matatu. La kwanza ni umeme. Seti ya kutoka Marekani huja na kifaa cha kuchomeka kilichotengenezwa kwa volti 120, na umeme wa TANESCO ni wa volti 230. Ukichomeka moja kwa moja kinaungua, pengine kwa moshi halisi kuliko ule uliochorwa kwenye boksi. Soma maandishi madogo nyuma ya adapta: kama hakuna 220, 230 au 240, acha adapta, chukua treni. Reli zenyewe kwa kawaida hazihitaji zaidi ya volti 12 za umeme wa mkondo mmoja, na adapta za volti 12 zimejaa mjini kwa sababu ving'amuzi vingi vinazitumia. Fundi wa redio ataunganisha moja na kidhibiti cha mwendo kwa gharama ndogo. Asisahau fyuzi. Treni ikianguka njia huunganisha reli mbili kwa chuma chake, na hiyo ni shoti. Kwa sababu hiyohiyo betri ya pikipiki au ya sola, ambayo kwa volti inafaa kabisa siku umeme umekatika, haifai kuunganishwa bila fyuzi hata kwa dakika moja.

La pili ni ukoo. Ukikuta seti ya Märklin kutoka kwa familia ya Kijerumani, ujue mfumo wake wa HO ni wa peke yake: hutumia umeme wa mkondo geu na nukta za chuma katikati ya reli, na magurudumu ya mabehewa yake hayajatenganishwa kwa plastiki, hivyo yakipanda reli za kampuni nyingine kama Hornby au Bachmann yanaleta shoti. Ukoo huo ununuliwe mzima au uachwe. Upo ubaguzi mmoja mzuri, zile treni za Märklin za watoto wadogo zinazotumia betri ndani yake. Hizo hazijali umeme wa reli. La tatu ni uwingi wa reli. Kichwa kizuri chenye vipande vitano vya reli ni pambo la kabati. Reli nyingi zenye kichwa kibovu ni mwanzo mzuri, kwa kuwa mota hutengenezeka na vichwa huonekana mitumbani. Ndiyo maana nasema reli kwanza.

Lakini hata seti iliyopatikana kwa bei ya kuagana ina madai yake. Kona za kawaida za HO zina kipenyo cha karibu sentimita 75 hadi 90, kwa hiyo duara lenyewe, pamoja na nafasi ya kupumulia, linataka meza ya mita moja. Wengi wetu tunapanga chumba na sebule, na hiyo mita moja ndiyo mahali pa kulia chakula. Seti itafungwa na kufunguliwa kila siku, na viungio vyembamba vya chuma havipendi hivyo. Zile reli zilizoshikamana na tuta lake la plastiki zinavumilia zaidi. Halafu kuna vumbi. Miezi ya kiangazi, kabla ya vuli, vumbi la Arusha linapita chini ya mlango, na treni inayopokea umeme kutoka kwenye reli inasimama kwa vumbi ambalo jicho halilioni. Reli zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuchezewa. Mtoto akifanya kazi hiyo mwenyewe, vizuri. Baba akiifanya kila mara, treni imekuwa ya baba.

Sasa njoo kwenye mbao, ambako nadhani ndiko jibu lilipo kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na saba.

Kampuni ya BRIO ya Sweden ilianza kuuza reli za mbao mwaka 1958. Jambo la maana si uzuri wa bidhaa zake. Ni kwamba vipimo vyake vilikuja kuigwa na karibu kila mtengenezaji mwingine, IKEA akiwamo, mpaka vikawa kama sheria: ubao wenye upana wa milimita 40 na unene wa 12, mifereji miwili juu, na kichwa cha mviringo upande mmoja kinachoingia kwenye tundu la upande wa pili. Kona kubwa nane hufunga duara. Hakuna umeme, hakuna gia, hakuna vumbi la kuogopa. Mtoto anasukuma kwa mkono, na TANESCO wakikata, treni haina habari. Na kitu ambacho mataifa mengi yanakinakili, seremala wa Arusha naye anaweza kukinakili, na kipande chake kitashikana na cha Sweden.

Hapo msisitizo uwe kwenye sampuli. Usimpelekee fundi picha ya simu. Atakutengenezea kitu kizuri kisichoshikana na chochote. Tafuta kwa watu wanaohama, au kwa anayesafiri, kipande kimoja kilichonyooka na kona moja, mpe fundi avishike. Vilivyonyooka ni rahisi: ubao unapigwa randa hadi unene, mifereji inachimbwa kwa mashine, kazi imekwisha. Kona ni ngumu zaidi kwa sababu mfereji lazima ufuate duara. Fundi mwenye mashine ya kuchimba hutengeneza kwanza kielelezo cha mbao ngumu, kisha anazitoa kona zote kwa kukifuata. Gharama iko kwenye kielelezo hicho, kwa hiyo kuagiza kona nane peke yako ni ghali, na wazazi wanne wakiagiza 32 pamoja kila kona inashuka bei. Darasa moja la chekechea linatosha kukusanya oda hiyo.

Aina ya mbao ina maana kuliko inavyodhaniwa. Paini na saipresi, ambazo hulijaza soko kutoka Shamba la Miti la Meru/Usa, ni nafuu na nyepesi, lakini shingo ile nyembamba ya kiungio hukatika kwenye nyuzi za mbao. Mgrevilea, uliopandwa kama kivuli kwenye mashamba ya kahawa ya Meru na Kilimanjaro, unavumilia zaidi, na mabaki ya mninga kutoka kwa watengeneza vitanda ni bora kwa viungio. Fundi anaweza kutengeneza reli nzima kwa mgrevilea na kuchomeka vichwa vya mninga. Kingo zipigwe msasa mpaka zisishike uzi. Rangi ya mafuta isiyojulikana ilikotoka isitumike, kwa hofu ya madini ya risasi. Nta ya nyuki inatosha, na mbao tupu pia inatosha.

Kwa mabehewa, kuna kishawishi cha kuyaunganisha kwa sumaku kama yale ya dukani. Vijisumaku vya spika za masikioni ni vikali na vidogo, na mtoto akimeza viwili vinaweza kukutana vikiwa na utumbo katikati. Ndoano na pete ya waya hufanya kazi ileile. Mtoto mwenyewe atagundua kwamba ndoano ndiyo inayofanana na treni ya kweli ya stesheni.

Mbao ina udhaifu wake. Kati ya miaka saba na nane wengine huichoka, kwa kuwa treni haitembei yenyewe. Kuna vichwa vya betri vinavyotembea kwenye mifereji hiyohiyo, na hivyo vinastahili kununuliwa au kuombwa kwa ndugu aliye nje, kwa kuwa mzigo ni wa kiganjani na reli zipo tayari. Hapo fedha inakwenda mahali sahihi: ulichoshindwa kutengeneza hapa ndicho unachokiagiza, si boksi zima lenye mbao ambazo Meru inazo.

Na kabla ya yote haya kuna treni isiyo na bei. Watoto wa Tengeru na Maji ya Chai wamekuwa wakiunda magari ya waya tangu babu zao, na kopo la samaki lenye vizibo vinne likifungwa nyuma ya lingine tayari ni behewa la pili. Magari ya waya ya namna hiyo hununuliwa na watalii kwa dola, huku mzazi anayeyapita njiani akiingia dukani kununua plastiki. Sisemi mtoto anyimwe kilicho dukani kwa kisingizio cha ubunifu. Hoja hiyo hutolewa zaidi na watu wasio na watoto. Ila aliyewahi kufunga makopo sita kwa kamba na kuona la nyuma likipinduka kwenye kona ameshajua kitu kuhusu kona ambacho seti ya duara moja haitamfundisha.

Mwishowe treni itauzwa au itarithiwa, na hilo nalo lihesabiwe siku ya kununua. Plastiki haina mnunuzi wa pili. Seti ya umeme ina mnunuzi kama boksi lake, karatasi ya maelezo na adapta vimetunzwa, na kama volti zimeandikwa wazi juu ya boksi ili anayefuata asichome kitu. Reli za mbao hazihitaji boksi. Weka kwenye mfuko wa sandarusi, andika idadi ya kona na ya zilizonyooka, na ubakize kipande kimoja kizima kwa ajili ya fundi, kwa sababu binamu atakayezirithi atataka ziongezwe.